Nafasi ya Mke Mmoja

Probox nyeupe ilipokata kona na kuingia uani, Winny alikuwa jikoni akigeuza samaki, na moyo ukamruka kabla macho hayajamwona mtu. Aliinama kwenye kidirisha, mwiko mkononi, akawatazama wageni wakishuka.

Alitangulia Mzee Opiyo, baba mdogo wa Frankline, akijinyoosha mgongo na kulalamikia barabara. Akafuata Hemedi, mwenyekiti wa steji yao ya bodaboda kule Manyatta, kofia nyeupe kichwani. Kisha Akello, mjane wa Walter, marehemu kaka yake Frankline. Akello alishuka taratibu, mkono mmoja ukishikilia mlango wa gari na mwingine kitambaa cha rangi ya chungwa alichojifunga kichwani. Mwisho akashuka Frankline, ndani ya shati la samawati lililopigwa pasi likanyooka kama karatasi. Macho yake yalizunguka ua mzima yakitafuta, hadi yakakikuta kidirisha cha jikoni.

Hakutabasamu. Alimtazama tu, kama mtu anayetazama kitu asichotaka kukisahau.

"Toka hapo dirishani!" Mama Rosa alimvuta mwanawe mkono. "Msichana anayeposwa hachungulii wageni. Watasema umechoka kukaa kwetu."

"Nimechoka kweli, Mama."

"Nyamaza, nyathina, mwanangu wee." Lakini mama mwenyewe alikuwa akicheka, na Winny hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alimsikia akicheka hivyo.

Ilikuwa siku ya ayie, siku ambayo mama wa msichana hupokea bahasha ya wakwe mbele ya watu na kusema amekubali. Siku hiyo Mama Rosa alikuwa ameikataa kwa muda mrefu. Kila Winny alipokuja nyumbani Luanda Kotieno, neno lilikuwa lile lile: "Mtu wa bodaboda? Ukae na simu mkononi ukingoja kuambiwa amelazwa wapi?"

Kilichomlainisha kilikuwa bima.

Jambo lenyewe lilianzia kwenye saluni ya Winny, kibanda cha mabati chenye kioo kimoja na viti viwili. Steji ya Hemedi ilikuwa imepata bima ya kundi, na Frankline alikuja na simu yake kuomba ushauri.

"Ziko tatu," alisema. "Ya kwanza ni ya mguu. Nikianguka, mguu unatengenezwa. Ya pili ni mguu na kitanda. Nikilazwa, wanalipa."

"Na ya tatu?"

"Mguu, kitanda na bibi. Hata akijifungua."

"Wewe chukua ya mguu. Bibi huna."

"Ndiyo maana nimekuja kwako." Aliiweka simu chini, akavua na helmeti iliyokuwa bado kichwani. "Mimi nataka hiyo ya tatu, Winny. Lakini inataka jina."

Mteja aliyekuwa kitini na nywele zake nusu zimesukwa aliangua kicheko hadi akaomba maji. Ndivyo Winny alivyochumbiwa. Siku chache baadaye Debra, mwanamama anayezunguka masaluni akiwaandikisha wasusi bima zao wenyewe, alipita kumbembeleza kama kawaida yake. Winny akamrudisha kwa mbwembwe: "Mimi naandikwa na bwanangu."

Mama Rosa aliposikia habari ya bima, alisema, "Babako alikuwa na wake watatu. Nilipougua baada ya kukuzaa, hela za hospitali zilikuwa zimeishia nyumba ya kwanza. Nililala hapa hapa sakafuni nikingoja kufa au kupona. Mwanamume anayeandika jina lako peke yako kwa bima anataka uishi. Mwambie aje. Lakini wewe hutakuwa wa pili kwa mtu, umenisikia? Wa pili, hapana."

Sasa Frankline alikuwa amekuja, na hakutabasamu.

*

Winny alimkuta Frankline nyuma ya tangi la maji, mahali ambapo hawakupaswa kukutana kabla ya shughuli.

"Frank, kuna nini?"

"Hakuna kitu. Umependeza."

"Nina moshi mpaka kwa kope. Sema."

Alijaribu kucheka, ikashindikana. Alimshika vidole, akavishika kwa nguvu.

"Bima ya Akello imekwisha," alisema. "Ile ya kawaida anayolipia. Kiwango cha mwaka kwa saratani yake ya titi kimefika mwisho, na mwaka wenyewe bado. Kemo imesimama katikati. Daktari anasema ikikaa hivyo, ugonjwa utarudi na hasira."

"Tuchange. Mimi nitaongea na wasusi…"

"Tumechanga steji, tukachanga kanisani, tukarudia tena. Ile ni dawa moja tu inakula mchango wote. Nimeuliza bima zingine. Kila mahali wanasema mtu akija tayari anaumwa, asubiri mwaka ndipo waanze kumlipia. Ni hii yetu ya kundi tu inachukua ugonjwa wa zamani bila kungoja, na ni kwa wale wanaoingia sasa hivi. Usajili unafungwa Jumatatu."

Winny alianza kuelewa, na kwa kuwa hakutaka kuelewa, aliuliza swali ambalo jibu lake alikuwa nalo. "Si mumuingize basi?"

"Inachukua mwanachama na mke. Mke mmoja."

Kuku alipita kati yao akidonoa ardhi. Kwa mbali feri ya Mbita ilipiga honi.

"Wazee walikaa Alhamisi," Frankline aliendelea, sauti chini. "Baba mdogo alisema Akello ni mke wa nyumba yetu tayari, ng'ombe wake walishatoka. Wakikaa kikao kimoja wakanikabidhi mke wa kaka yangu, ni mke wangu mbele ya kila mtu. Si uongo. Hata Hemedi atashuhudia."

"Ukasema?"

"Nikakataa. Winny, mimi nimekuja kwako. Si unaniona hapa? Nimekuja kuchukua bibi yangu."

Alisema hivyo huku mashavu yake yakicheza kama ya mtoto anayezuia kilio.

"Akello anajua?"

"Yeye ndiye alinisukuma. Nilikuwa sitaki kutoka kitandani asubuhi. Alikuja akabisha mlango, akaniambia nisimuaibishe msichana wa watu." Alijitazama kifuani. "Hili shati alilipiga pasi yeye."

Winny aliuondoa mkono wake kwenye mkono wa Frankline, kwa upole, kama mtu anayetoa kijiko mkononi mwa mtoto aliyelala.

"Nenda ukakae na wageni," alisema. "Mama atakuona."

*

Alimtafuta Hemedi, akamkuta akinawa mikono kando ya ua.

"Hemedi, niambie ukweli. Hakuna mlango mwingine? Aandikwe yeye kwanza, mimi nitaingia mwaka ujao?"

Hemedi alijifuta mikono kwa leso yake. Alikuwa mtu wa mizaha, lakini leo hakumtazama usoni.

"Dada, ukipokewa leo, mimi nitakuwa nimeketi pale nimekula kuku wa mamako. Jumatatu nitasema nini? Kwamba bibi ni mwingine? Siwezi kutia sahihi kwa uongo, watatufukuza steji nzima." Alihema. "Dini yangu inaniruhusu wanne. Lakini bima haina dini. Inasema mmoja."

"Na nisipopokewa?"

Hapo alimtazama. "Usiniulize hilo, Winny. Nakuomba. Mimi nimekuja kama rafiki ya bwana harusi."

Winny alirudi jikoni. Akello alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko, akiwageuza samaki walioachwa waungue.

"Nyieka, unataka kuwaua wazee kwa mafuta meusi?" Alimwita hivyo tangu uchumba ulipoanza, neno la wake wenza, kama wake wa ndugu wanavyoitana kwa utani. "Lete sahani."

Winny alileta sahani. Alisimama nyuma ya mwanamke yule, akaitazama shingo yake iliyobaki mifupa. Alijaribu kumchukia, na alijaribu kweli. Alijiambia kwamba yeye hakumletea mtu ugonjwa, kwamba alingoja siku hii miaka, kwamba hata kwa dawa mtu huyu anaweza asiishi. Wazo hilo la mwisho lilipopita kichwani mwake, aliogopa, akashika ukingo wa meza.

Kwa sababu kichwa kile kilichofungwa kitambaa alikijua. Mikono yake mwenyewe ndiyo iliyokinyoa. Nywele za Akello zilipoanza kubaki kwenye mto, alikuja saluni asubuhi kabla wateja hawajafika, akaketi, akasema, "Nyoa zote, nisiziokote kila siku kama mahindi ya kuku." Winny alinyoa huku akilia, na Akello akamcheka: "Sasa wewe unalia nini? Ni wewe unapoteza mteja?" Kisha alipojiona kwenye kioo hakucheka tena. Alisema kwa sauti ya chini, si kwa Winny wala kwa mtu yeyote, "Nibaki kidogo tu, kwa wale binti zangu wawili. Mpaka wajue kusuka wenyewe."

"Amekuambia," Akello alisema sasa, bila kugeuka.

"Ndiyo."

"Mwanamume hawezi kufunga mdomo. Walter alikuwa hivyo hivyo." Alimweka samaki kwenye sahani. "Usiyasikilize hayo. Mimi nilipata bwana mzuri mara moja, inatosha. Wengine hawapati hata nusu. Niolewe na shemeji yangu kwa sababu ya dawa? Nitamwangalia vipi? Wewe vaa nguo yako, uketi, useme ndiyo. Mimi nimekuja kupiga vigelegele."

"Na wazee wakikaa kabla ya Jumatatu…"

"Hawatakaa. Utakuwa umeshapokewa." Aligeuka. Macho yake yalikuwa makavu na makubwa katika uso ule uliopungua. "Umenielewa, Winny? Nimekuja kuhakikisha."

*

Sebule ya Mama Rosa ilikuwa imejaa hadi mlangoni. Vitambaa vya kufuma vilikuwa vimefuliwa na kutandikwa kwenye kila kiti. Upande huu walikaa wazee wawili wa ukoo wa marehemu babake Winny, upande ule wageni. Frankline alikuwa ameweka mikono juu ya magoti kama mwanafunzi. Mzee Opiyo alizungumza kwa maneno marefu na matamu, kisha akatoa bahasha, akaiweka juu ya meza. Hakuna aliyeigusa. Kwanza binti sharti aulizwe.

Winny aliitwa. Aliingia na gauni la kijani ambalo kola yake aliishona mwenyewe, akasimama katikati.

"Winny, nyathina," Mama Rosa alisema, na sauti yake ilitetemeka kwa furaha. "Watu hawa wamekuja wakisema wanakujua. Wewe unawajua?"

"Nawajua."

Kicheko kilizuka. Mzee Opiyo alipiga goti kofi.

"Wamebeba kitu. Wanasema nikipokee nile, nisije nikatapika kesho. Nipokee?"

Winny aliinua macho. Frankline alikuwa akimtazama kama alivyomtazama kule dirishani, na sasa alielewa ule ulikuwa mtazamo wa namna gani. Alikuwa tayari kumchukua, na kuchukua pamoja naye kifo cha mke wa kaka yake, na kukibeba maisha yake yote bila kumlaumu hata siku moja. Angekuwa mume mwema. Wangelala kitanda kimoja, na wasichana wawili wa Walter wangelelewa chumba cha pili, na kila mara wangeomba kusukwa, Winny angewasuka.

Pembeni, karibu na mlango, Akello alikuwa amekwisha kuinua kiganja mdomoni, tayari kwa vigelegele.

Ningesema sababu, Winny aliwaza, Akello angekataa. Angesimama hapa hapa akatae.

"Hapana, Mama," alisema. "Usipokee."

Ilikuwa kama mtu amezima redio. Mama Rosa aliendelea kutabasamu kwa muda, kwa kuwa uso ulikuwa haujapata habari.

"Unasema nini?"

"Warudishe bahasha yao. Nimefikiri. Ulikuwa unasema kweli, Mama, mimi ndiye sikusikia. Siwezi kuishi na mtu wa bodaboda. Siwezi kukaa na simu mkononi nikingoja kuambiwa amelazwa wapi."

"Winny!" Frankline alikuwa amesimama. "Usifanye hivi. Nimekwambia nimechagua. Winny, niangalie!"

Hakumwangalia. Alijua akimwangalia yote yataharibika. Aliitazama bahasha.

"Sikutaki, Frank," alisema. "Nisamehe kwa kukusumbua na safari."

Mzee Opiyo alivuta pumzi ndefu, akanyoosha mkono, akairudisha bahasha mfukoni. Alikuwa mtu mzima na alijua anachokiona, kwa hiyo hakutoa neno la hasira. Alisema tu, "Twende, vijana. Nyumba hii ituwie radhi." Hemedi aliinamisha kichwa. Alimshika Frankline begani na ilimbidi amsukume, kwa maana miguu ya Frankline ilikuwa imekataa.

Kuku walibaki mezani, hawakuguswa.

Akello ndiye alibaki nyuma. Alimfuata Winny hadi barazani, akamshika kiwiko, na kwa mtu mgonjwa alikuwa na nguvu za kutisha.

"Wewe ni mwongo mbaya sana," alinong'ona. "Hujui hata kudanganya. Rudi mle ndani useme ulikuwa unatania."

"Nenda, gari linakungoja."

"Nitakataa. Kikao chao nitakikataa."

"Una wasichana wawili, Akello. Kataa ukishapona." Sauti yake ilivunjika, akaikusanya. "Kama unanipenda, usinifanye niwe nimemkosa bure."

Akello alimvuta kifuani mwake, upande ule uliobaki, akamkumbatia hadi kitambaa cha chungwa kikalegea na kuanguka, na kichwa chake kilichonyolewa kikagusa shavu la Winny. Kitambaa hakuna aliyekiokota.

Probox ilipoondoka, Mama Rosa alikuwa ameketi peke yake sebuleni, mikono imelala mapajani.

"Mos, Mama, nisamehe," Winny alisema. "Nimekuaibisha."

"Kwa nini umedanganya leo?" mama aliuliza taratibu. "Maneno hayo ni yangu. Nayajua yanavyotoka kwa mtu anayeyaamini."

Ndipo Winny alipopiga magoti, akaweka kichwa kwenye mapaja ya mamake na kumwambia yote. Mama Rosa alisikiliza hadi mwisho. Hakumsifu wala hakumlaumu. Alimshika kichwa tu, akasema, "Nilikuwa nimeshaanza kumpenda huyo kijana."

*

Jumatatu mvua ilipiga mabati ya saluni tangu asubuhi. Winny alikuwa akimsuka mteja simu ilipoita. Aliiweka sikioni kwa bega, vidole vikiendelea kusuka.

"Niko hapa steji," Frankline alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia hadi akakauka. "Wazee walikaa jana. Akello alikataa, kisha akauliza kama ni kweli wewe mwenyewe umetaka, kisha akalia, kisha akakubali. Hemedi anaandika sasa. Bado mimi tu." Alisita. "Sema neno moja, Winny. Neno moja tu na nitaondoka hapa nije."

Vidole vya Winny vilisimama kwenye nywele za mteja.

"Kliniki ni lini?" aliuliza.

"Wakikubali, Alhamisi."

"Mpeleke mapema. Mchukulie na maziwa, akishawekewa dawa huwa hawezi kula." Vidole vikarudi kusuka. "Andika, Frank."

Hakukata simu. Labda alisahau, au labda alitaka asikie. Katika kelele za mvua na injini, Winny alimsikia Hemedi akiuliza jina la mke, akasikia kimya, kisha sauti aliyoipenda kuliko zote duniani ikisema, polepole, "Akello."

Alizima simu. Mteja alimtazama kwenye kioo, akaona kilichoonekana, akainamisha macho kwa adabu.

Pazia la mlangoni lilifunguka, Debra akaingia na mwavuli unaochuruzika, akipangusa miguu.

"Mvua gani hii! Winny mama, leo sikubembelezi wewe, nimejikinga tu. Najua wewe ni wa bwanako." Alicheka, kisha akaona hakuna anayecheka naye. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu, Debra." Winny alichukua kitana, akagawa nywele upya, mstari ulionyooka kabisa. "Keti. Na mimi niandikishe."

Debra alitoa simu yake mkobani, akaipangusa kwa kanga. "Haya. Ziko mbili, ile ya familia na ya mtu mmoja. Kama bwana anaingia, ya familia ndiyo nafuu. Nikuandikie ipi?"

Nje mtu wa bodaboda alipita akipiga honi kwa nguvu, na Winny, kwa mazoea, aligeuza kichwa kuelekea mlangoni. Aliurudisha uso wake kwenye kioo.

"Ya mtu mmoja," alisema.